Kompyuta Haina Mama Mdogo

Mgeni njoo, mwenyeji ashibe. Hivyo ndivyo walivyousema msemo huo watu wa foleni ya kushoto, na hakuna aliyewasahihisha, maana wa kupona hawakumwona popote, ila wa kushiba alikuwa mbele ya macho yao: afisa wa dirishani, nyuma ya kioo, anakula karanga mojamoja kutoka kwenye karatasi iliyosokotwa. Kila alipotafuna, foleni nzima ilisimama kumsubiri ameze. Walimpachika jina Bi Karanga kabla jua halijapanda.

Msusi alikuwa katikati ya foleni hiyo. Tangazo la ukutani alikuwa amelisoma hadi angeweza kulighani: pasipoti isiyokaribia kuisha, tiketi ya kurudi, kadi ya manjano, barua ya mwaliko, nakala ya kitambulisho cha mwenyeji, namba ya simu ya mwenyeji, tena inayopatikana. Vyote alikuwa navyo, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mkoba, chini ya kwapa, kama mtu aliyebeba mayai. Mwili ulikuwa umesimama lakini vidole vilikataa. Kamba ya mkoba wake ilikuwa imechakaa ikatoa nyuzi. Alizisuka nyuzi hizo, akazifumua, akazisuka tena.

"Dada," alisema dereva wa lori aliyekuwa mbele yake, "ukimaliza hiyo kamba nisuke na mimi ndevu. Naona tutafika huko zimefika kifuani."

"Ndevu zako hazishiki, shemeji. Zako za kunyoa tu."

Watu wakacheka, dereva akacheka kuliko wote, na foleni ikasogea unyayo mmoja.

Upande wa kulia kulikuwa na foleni nyingine, kama ungeweza kuiita foleni. Ilikuwa na zulia na feni, na msichana aliyegawa maji ya chupa. Watalii walifika pale kwa basi lenye vioo vyeusi, wakaweka pasipoti zao mezani, zikafunguliwa na kufungwa kwa wepesi wa mtu anayepunga nzi. Karibu, karibu sana, jisikieni mko nyumbani. Mmoja wao alikuwa amesahau kadi yake ya manjano. Afisa wa upande ule alimpigapiga begani, akamwambia hakuna shida.

Msusi alisimama kwa ncha za vidole. Kutoka pale, juu ya kizuizi cha barabarani na zaidi ya mnara wa maji, ungeliona paa jekundu la hospitali. Lilikuwa karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka angeweza kunusa dawa ya kudekia. Chini ya paa lile alikuwa amelala Kitinda, mdogo wake.

Kitinda alikuwa amevuka mpaka miaka ile kuvuka kulipokuwa ni kuvuka tu, akaenda kupika katika nyumba ya watu. Uvimbe ulimwota kwenye kizazi, ukaanza kumvujisha damu. Alipoanguka jikoni, tajiri wake alimpakia garini, akamshusha kwenye lango la hospitali pamoja na begi lake la nguo, akawasha gari. Habari hizo hakuzileta Kitinda mwenyewe. Zililetwa kwa simu na mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Wewe ndiye dada yake?" sauti ilikuwa imeuliza. "Njoo. Hapa benki ya damu ni makopo matupu, hawampasui mpaka ndugu atoe. Mimi ningempa yangu, ila hata mimi nadaiwa."

Njia za panya zilikuwepo, tena nyingi. Dereva wa lori alizitaja zote kwa majina kama watoto wake. Lakini Msusi alikuwa ameshauliza. Hospitali haichukui damu ya mgeni asiye na muhuri kwenye pasipoti. Damu ilikuwa tayari, mishipa ilikuwa tayari, kilichokosekana ni wino.

"Anayefuata!"

Alilifikia dirisha akiwa na samahani mdomoni. Alikuwa amemwomba samahani mlinzi wa mlangoni kwa kusimama penye kivuli, akamwomba mfagizi kwa kukanyaga alipodeki, na sasa alimwomba Bi Karanga kwa kumkatiza asitafune.

"Samahani, mama. Shikamoo."

Alimwita mama na kumwamkia, ingawa kwa umri Bi Karanga angetosha kuwa mdogo wake. Bi Karanga hakuitikia. Alifuta vidole kwenye tambara, akapokea makaratasi.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mdogo wangu. Yuko hospitali, hapo hapo, kwenye paa jekundu. Anasubiri damu yangu ndipo apasuliwe."

"Sikukuuliza paa." Alibonyeza kitu kwenye kompyuta, akasoma, akarudia kusoma kwa midomo. "Ombi lako la mtandaoni linasema ziara ya dharura, ndugu wa karibu. Mdogo wako, umeandika. Mbona mama yako ni huyu na mama yake ni yule? Baba naye mwingine. Mdogo wako kivipi? Mmeokotana sokoni?"

"Mama zetu ni dada, mama. Tumbo moja. Mama yake ni mama yangu mdogo. Alimwacha kwetu hajaota jino, akaenda kutafuta kazi. Nimembeba mimi mgongoni, tumelala mkeka mmoja mpaka ameolewa."

"Kumbe binamu."

"Binamu ni mtoto wa mjomba, au wa shangazi. Huyu ni mdogo wangu."

Bi Karanga aliigeuza skrini, jambo ambalo hakumfanyia mtu mwingine siku ile, akaigonga kwa kucha.

"Soma mwenyewe. Mume, mke. Baba, mama. Mtoto. Kaka au dada, baba mmoja mama mmoja. Binamu. Mengineyo. Unamwona mama mdogo hapo? Kompyuta haina mama mdogo. Unataka nimuingize mimi kwa kalamu?"

Nyuma yake mtu aliguna. Msusi aliangalia ile orodha, akaangalia paa jekundu, ambalo kutoka dirishani lilionekana kipande tu.

"Basi andika binamu, mama. Samahani sana. Andika chochote."

"Ndiyo mnavyofikiri, eti andika chochote. Nikiandika binamu, maana yake ulipojaza ulidanganya. Na kumdanganya afisa ni kosa, limeandikwa hapo ukutani. Halafu binamu si ndugu wa karibu, binamu hana dharura. Unaona ulivyojikoroga mwenyewe?" Alisema hivyo kwa upole, kama mwalimu wa darasa la watoto wadogo. "Dawa yake ni moja. Utaandika barua ya kuomba radhi kwa mkuu wa kituo. Ueleze ulidanganya, huyo si mdogo wako, na hutarudia. Mkuu akiwa na moyo mzuri leo, atakupa ruhusa maalumu. Na mimi hapa lazima nimpate mwenyeji wako kwenye simu, athibitishe kwa mdomo wake kwamba amekualika."

"Mwenyeji wangu ndiye mgonjwa, mama."

"Mwenyeji ni mwenyeji."

Alipiga simu ya mezani. Msusi aliisikia ikiita upande wa pili, mbali na karibu kwa wakati mmoja. Iliita mpaka ikachoka.

"Mwenyeji wako hapokei."

"Labda yuko kwenye dripu. Namba ya wodi ni hii hapa, mama, nimeiandika pembeni. Wao wanapokea."

Bi Karanga aliipiga nayo, safari hii akiwa amesimama na kuanza kukusanya vitu vyake. Ilipokelewa. Alisema yeye ni afisa uhamiaji, anamtaka mgonjwa fulani athibitishe mgeni wake. Akaambiwa jambo. Akasema, "Basi akiweza kuongea mnipigie, namba si mmeiona?" Akakata.

"Watapiga. Kaa pembeni uandike barua."

Karatasi aliyopewa ilikuwa nyeupe upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na ratiba ya mapokezi ya mgeni rasmi. Msusi aliiweka juu ya paja. Aliandika Mimi, akaandika jina lake, akaandika naomba. Kalamu ikasimama hapo. Si kwamba hakujua kuandika; shule alikwenda. Alihamisha uzito kutoka paja moja kwenda jingine, akafumua kamba ya mkoba, akaisuka. Radhi aliweza kuiomba. Siku nzima alikuwa anaomba. Lililomkwama ni lile la katikati, huyo si mdogo wangu, na kila alipoielekeza kalamu pale aliona mgongo wake mwenyewe wa utotoni, na mtoto amelala mate yakimchuruzika kwenye bega lake.

Kengele ya saa ya chakula ililia. Madirisha ya kushoto yakashushwa pazia. La kulia likabaki wazi.

"Wewe!" Bi Karanga alikuwa amefungua mlango wa pembeni, makaratasi ya Msusi mkononi. "Hapa kwenye kazi umeandika msusi. Ni msusi kweli au ni uongo mwingine?"

"Ni msusi, mama."

"Njoo ndani."

Dereva wa lori alimnong'oneza alipompita, "Nenda, dada. Suka kichwa hicho kama unasuka taji. Leo kismati chako kiko nyweleni."

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza, kabati la chuma, simu ya mezani iliyounganishwa na ile ya mbele, na dirisha lenye nondo. Bi Karanga alivua kofia ya kazi, akavuta droo, akatoa pakiti mbili za rasta, kitana chenye mkia na kopo la mafuta, akakaa.

"Mgeni rasmi anakuja alasiri kufungua lango jipya la watalii. Watapita bila viza hao, bila karatasi, uso wako tu kwenye kamera umeshaingia. Mimi ndiye natoa shada la maua. Na kichwa ndiyo hiki." Alijicheka. "Msusi wangu ni wa upande wenu, alikuwa ananijia kila mwisho wa mwezi. Siku hizi simwoni. Sijui kapotelea wapi."

"Labda hana muhuri."

Neno lilimtoka Msusi kabla hajalishika. "Samahani," aliongeza upesi.

Lakini Bi Karanga alicheka. "Una mdomo, wewe! Haya, unanifanyia nini?"

"Kwa muda tulio nao, nikulazie mistari ya kurudi nyuma. Twende kilioni. Nikianza sasa, namaliza saa ya chakula haijaisha."

"Twende kilioni?" Bi Karanga aligeuka amwangalie vizuri. "Mimi nasimama mbele ya kamera na maua, wewe unanisuka kama nimepigiwa simu ya msiba? Nataka zile ndogondogo, zianzie pembeni, zipande juu, zikutane kama kikapu."

"Hizo ni nyingi, mama."

"Una safari?"

Msusi alichovya vidole kwenye mafuta, akagawa njia ya kwanza kwa mkia wa kitana. Alianza upande wa kushoto. Kazi ilipompata mikononi, vidole vikaacha kutapatapa. Vilikuwa na pa kwenda. Ila kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinakimbia. Kupitia kwenye nondo aliliona paa jekundu lote, na madirisha yake, na shuka zilizoanikwa nyuma zikipepea.

"Hawajapiga, mama?"

"Mkono ufanye kazi, mdomo upumzike. Ukinimaliza vizuri, faili lako nalipeleka kwa mkuu mwenyewe, kwa mikono hii. Barua umeandika?"

"Nimeanza."

"Imalize. Ni maneno tu."

Mlango ulisukumwa. Mama mmoja mtalii, mwekundu kwa jua, alikuwa anatafuta choo. Alipowaona alishika mashavu kwa furaha, akasema jambo kwa lugha yake, akainua simu akawapiga picha. Bi Karanga alitabasamu kwa meno yote. Msusi naye aligundua, kwa mshangao, kwamba na yeye ametabasamu. Mlango ulipofungwa, midomo ilimrudia taratibu mahali pake.

Ndipo simu ya mezani ikalia.

Mikono ya Msusi ilisimama, mafungu matatu ya nywele yamekazwa kati ya vidole.

"Mama, simu."

"Saa ya chakula."

"Huenda ni wodi. Si uliwaambia wapige?"

"Wanaopiga hapa ni wengi. Nikipokea mmoja nitapokea wote, mwisho nife na njaa." Alijitupia karanga mdomoni. "Suka."

Simu ililia mpaka ikakatika. Chumba kikajaa sauti ya kutafuna. Msusi alifika mwisho wa msuko ule, akaufunga, akaanza mwingine, na mikono yake ilikuwa imeanza kwenda mbio. Simu ikalia tena.

"Mama, nakuomba. Nipokee mimi tu. Naipokea, naiweka."

"Upokee simu ya serikali wewe? Mgeni?" Bi Karanga alishtuka kwa dhati. "Na usinivute hivyo, unaniumiza!"

"Samahani."

Ikakatika. Haikulia tena.

Baada ya kitambo, simu ya mkononi ya Bi Karanga ikatetemeka mapajani mwake, na hiyo aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama mdogo! Shikamoo, mama. Aa, niko nasukwa hapa, si unajua leo tuna ugeni. Eeh. Eeh. Mwambie mdogo wangu asilie, ada ni kazi yangu. Nani kasema atafukuzwa? Mwambie dada yako yupo. Mwambie hivyo hivyo." Aliweka simu, akatikisa kichwa kwa mapenzi, na Msusi akalazimika kukifuata kichwa kwa mikono. "Mdogo wangu huyo ananipasua kichwa. Chuo mwaka wa mwisho, kila siku kilio."

Msusi aligawa njia nyingine, akaipaka mafuta.

"Ni wa mama mdogo?"

"Wa mama mdogo, ndiyo. Amekulia kwetu, nimemlea kama wa kum—" Shingo ya Bi Karanga, ambayo ilikuwa imelegea mikononi mwa Msusi, ilikakamaa. Karanga zilisikika zikikunjwa ndani ya karatasi. "Hiyo ni nyumbani," alisema. "Nyumbani ni nyumbani, kazini ni kazini. Mimi sikuitengeneza hiyo kompyuta."

"Sikusema kitu, mama."

"Basi suka."

Upande wa kushoto ulikwisha. Ulikuwa kazi nzuri, hata kwa macho ya adui: misuko imejipanga sawasawa, imepanda juu kwa pamoja bila hata mmoja kupotea njia. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimechambuliwa na kusimama, zikisubiri. Nje walianza kujaribisha tarumbeta. Labda ni lile la mama mdogo lililomsumbua Bi Karanga, labda alitaka tu kuonyesha ana huruma. Alijinyoosha, akabonyeza namba ya wodi, na kwa kuwa sikio lake lilikuwa na mafuta, akaiweka simu kwenye kipaza sauti.

"Wodi ya kina mama."

"Uhamiaji hapa, mpakani. Nilipiga asubuhi kuhusu mgonjwa mmoja, mwenyeji wa mgeni wetu. Ameweza kuongea?"

Upande wa pili ilisikika sauti ya muuguzi aliyechoka, ya mtu mzima.

"Tulipiga huko kwenu. Tulipiga mara mbili. Daktari alisema kama huyo ndugu yuko hapo mpakani mumpe hata askari amsindikize, atoe damu, arudishwe. Hakupokea mtu."

"Ilikuwa saa ya chakula," alisema Bi Karanga.

"Ndiyo. Alifariki saa hiyo hiyo." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Huyo ndugu bado yupo? Mwili upo. Mwambieni aje na pasipoti yenye muhuri, bila muhuri hatutoi."

Bi Karanga alikata simu. Tarumbeta nje ilikosea noti, ikarudia mwanzo. Mikono ya Msusi ilikuwa bado kwenye nywele, na Bi Karanga, aliyekuwa ameketi chini yake, hakuthubutu kusogeza kichwa.

"Pole, dada," alisema hatimaye. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. "Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

Msusi alikuwa analitazama paa jekundu kati ya nondo.

"Sasa sikiliza. Ombi lenyewe limebadilika. Aliyekualika hayupo tena, kwa hiyo mwaliko umekufa. Kwa utaratibu ungetakiwa uombe upya, ziara ya mazishi, na wao wanataka cheti cha kifo, nacho kinatoka huko hospitali. Lakini usijali. Nitakubeba. Barua yako ya radhi naipeleka mwenyewe, mkuu anapiga muhuri leo leo. Wewe nimalizie tu huu upande. Umebaki mdogo."

Msusi aliachia nywele. Msuko aliokuwa ameuanza, wa kwanza upande wa kulia, ulifumuka wenyewe polepole, fungu baada ya fungu. Aliweka kitana juu ya meza. Alifuta mafuta kwenye vidole, kimojakimoja, kwa upindo wa kanga yake. Akachukua mkoba wake, akafungua mlango, akatoka.

"Wewe! Unakwenda wapi? Wewe!"

Ukumbi ulikuwa umejaa. Foleni ya kushoto ilikuwa imepangwa upya nyuma ya kamba, ili isionekane kwenye picha. Juu ya lango jipya walikuwa wametundika kitambaa kipana: KARIBU MGENI WETU. Bi Karanga alitokea mlangoni, akasahau, akaingia katikati ya ukumbi mzima na kichwa chake, upande mmoja kikapu, upande mmoja kichaka. Mtu wa kwanza alicheka kwa kuzuia, wa pili hakuzuia. Dereva wa lori alifungua mdomo aseme mzaha, akauona uso wa Msusi, akaufunga.

"Imekuwaje, dada?"

"Amekufa."

Neno hilo lilirudi nyuma kwenye foleni, mdomo kwa mdomo, na kila lilipofika kicheko kilizimika.

Mkuu wa kituo alikuja mbio, vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni. Alimtazama afisa wake kichwani, akatazama saa, akatazama barabara.

"Nani amekufanya hivi?"

"Huyu hapa. Nimemsaidia faili lake, ameniacha nusu. Nimekuwa kituko!"

"Ungekubali twende kilioni," alisema Msusi, "ungekuwa umeshamaliza."

Mkuu alielezwa mambo kwa kunong'onezwa, na, tumpe haki yake, alivua kofia. "Pole kwa msiba, mama. Sisi sote ni watu, tunafiwa." Kisha akairudisha. "Lakini tuelewane. Una makosa mawili hapa. La kwanza ulitoa taarifa za uongo. La pili umemdhalilisha afisa akiwa kwenye sare, siku ya mgeni rasmi. Mimi ningeweza kukuweka ndani. Sitaki. Nataka ukazike." Alichukua ile karatasi yenye Mimi na jina na naomba, akaimalizia mwenyewe kwa mwandiko mzuri, amesimama, ameiegemeza kwenye ukuta wenye tangazo la masharti. Akaisoma kwa sauti ili asikike kuwa ni mtu wa haki: "Naomba radhi kwa kudanganya kwamba marehemu ni mdogo wangu. Marehemu si mdogo wangu, ni binamu yangu. Naomba radhi pia kwa afisa. Sahihi." Akamkabidhi kalamu. "Weka sahihi, umalizie kichwa cha mwenzio, nikugongee muhuri. Jua halijazama umeshafika."

"Weka tu, dada," dereva wa lori alisema taratibu. "Wino unafutika. Maiti haisubiri."

"Asiweke!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma kabisa. "Mdogo wake kwa nini asiwe mdogo wake?"

"Nanyi mnatuchelewesha sote," alisema mwingine. "Aweke tuendelee."

Msusi aliishika kalamu. Aliisoma ile barua kuanzia kwenye jina lake mpaka mwisho, akarudia. Nje ving'ora vilisikika, tarumbeta zikapandisha wimbo. Kizuizi cha barabarani, kile cha chuma, kilichokuwa kimelala tangu asubuhi, kiliinuka chenyewe angani, na magari meusi yakapita chini yake mfululizo bila hata moja kupunguza mwendo. Nyuma ya kizuizi kilichoinuliwa paa jekundu lilionekana wazi kabisa, na nyuma yake kamba ya kuanikia ilikuwa tupu, shuka zimeshaanuliwa.

Bi Karanga alikuwa amejibandika kofia. Ilikataa kukaa. Upande wa kushoto ililala vizuri, upande wa kulia nywele ziliisukuma juu, na alipoibonyeza upande huu iliinuka upande ule. Mtu alimtia shada la maua mikononi, ikabidi aiachie kofia.

"Mama," mkuu wa kituo alisema, macho yakiwa kwenye magari, "dakika hii hii. Sema hata kwa mdomo. Neno moja. Samahani, basi. Si umelisema siku nzima?"

Msusi aliirudisha kalamu kwenye mfuko wa shati la mkuu, akaiingiza kwa uangalifu, kama mtu anayechomeka pini kwenye nywele za mteja.

"Mimi sina binamu aliyekufa leo," alisema. "Aliyekufa ni mdogo wangu."

"Mama, utaomba radhi au hutaomba?"

Vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa.

"Siombi."